Mdogo wangu Uingereza anapewa saa chache za kazi. Ahame au avumilie?

BARUA

Kwako mshauri,

Hujambo? Mimi ni msomaji wako kutoka Donholm. Nina watoto wawili na ni karani katika kampuni moja kule Industrial Area. Jambo linaloninyima usingizi linamhusu dada yangu mdogo, aliyenifuata ziwa.

Aliomba viza ya kutunza wazee Uingereza mwezi Mei 2024, akaondoka Julai. Yuko mji mmoja karibu na Birmingham. Ajenti aliyempeleka ana ofisi hapa katikati ya jiji, na alitaka pesa zote kabla ya kukabidhi karatasi yoyote. Familia ilichanga, kanisa likachanga, hazikutosha. Nikachukua mkopo wa laki nane kwenye Sacco ya kazini. Mkopo uko kwa jina langu, unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwisho wa mwezi, na wadhamini ni wenzangu tunaokaa ofisi moja. Tulikubaliana kwamba atakuwa akinitumia pesa za kulipia mpaka uishe. Mume wangu anajua ni laki tatu.

Miezi ya kwanza alituma bila kukumbushwa. Mkataba wake unasema saa 39 kwa wiki, na alizipata. Kisha zikaanza kupungua. Siku hizi kuna wiki anapewa saa 14, na nyingine hata hizo hazifiki. Kazi yenyewe ni ya nyumba kwa nyumba: anamwogesha bibi huyu nusu saa, anaingia kwenye gari, anaenda kumpa babu yule dawa na chakula, nusu saa nyingine. Muda wa barabarani halipwi. Gari ni la kampuni na anakatwa pesa zake. Chumba analala na wenzake wawili, nacho anakatwa. Kuna mwezi alibaki na pesa za chakula tu.

Alipomuuliza mwenye kampuni, alijibiwa hivi: kama hutaki, rudi kwenu, viza yako iko mkononi mwangu. Akaonyeshwa na kipengele cha mkataba kinachosema akiondoka kabla ya miaka mitatu kwisha atadaiwa pauni 4,500. Tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kunyamaza. Nikimpigia ya video anazima kamera, anasema mtandao ni mbaya.

Sasa kila mtu ana lake. Mkenya mwenzake aliye mji mwingine anamwambia aache kampuni hiyo aende kwake, afanye zamu za usiku kwa jina la mama mmoja mwenye karatasi, kisha wagawane malipo. Ajenti wetu hapa Nairobi anasema atamtafutia cheti kipya cha udhamini kwa shilingi laki saba, nusu kwanza, na kwamba akihamia kwa mwajiri mpya ataruhusiwa kumchukua mwanawe. Huyo mtoto ninaye mimi. Yuko gredi ya pili na kila Jumapili anauliza mama anakuja lini. Mama yetu kule ushago anataka arudi nyumbani apumzike, kisha aombe upya kutokea hapa. Na mchungaji anasema avumilie, kwa sababu wengi wanaililia nafasi kama hiyo na hawaipati.

Mimi nami neno linalonijia mdomoni ni avumilie, lakini naogopa kwamba si mimi ninayesema, ni mkopo.

Je, ni kweli mwajiri anaweza kufuta viza yake? Anaweza kuhama? Nimwambie nini?

Dada mkubwa, Donholm

JIBU

Dada yangu wa Donholm,

Naanza na viza, kwa sababu ndilo neno lililomfanya mdogo wako azime kamera. Mwajiri hana uwezo wa kufuta viza ya mtu. Viza hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na wizara hiyo ndiyo huifuta. Anachoweza mwajiri ni kumwachisha kazi, kisha ana siku 10 za kazi za kuiarifu wizara kwamba hamdhamini tena. Hapo wizara humwandikia mfanyakazi, na kwa kawaida humpa siku 60 za kupata mdhamini mwingine na kuomba viza upya, au kuondoka. Kama viza yenyewe ilikuwa imebakiza muda mfupi kuliko huo, basi ni huo uliobaki. Kwa hiyo bosi wake hakusema uongo mtupu. Alichukua kipande cha ukweli akakifanya rungu.

Kuhama, anaweza. Viza yake imefungwa kwa mwajiri mmoja na kwa aina moja ya kazi, lakini sheria hiyohiyo imeweka njia ya kutoka kwa mwajiri huyu kwenda kwa mwingine, na njia hiyo haipiti mezani kwa bosi wa sasa. Hahitaji barua yake ya kumwachilia. Anachohitaji ni mwajiri mpya mwenye leseni ya kudhamini wageni, ampe cheti cha udhamini, kisha yeye mwenyewe aombe viza upya kwa cheti hicho akiwa hukohuko Uingereza.

Hapa sasa nakuomba usome polepole, kwa sababu watu hawaangushwi na sheria, wanaangushwa na mpangilio. Mdogo wako asiandike barua ya kuacha kazi leo, hata kama amechoka kiasi gani. Kwanza mwajiri mpya apatikane. Kisha cheti kitoke. Kisha ombi la viza liwasilishwe, jambo ambalo linaruhusiwa hadi miezi 3 kabla ya tarehe ya kuanza kazi mpya. Wakati ombi linashughulikiwa, anaendelea na kazi yake ya sasa kama kawaida. Uamuzi kwa waombaji walio ndani ya nchi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 8. Akipata jibu la ndiyo, ndipo aende kwa mwajiri mpya. Kabla ya jibu hilo asifanye huko hata zamu moja ya kujaribu, kwa sababu hiyo ni kazi bila kibali. Kuhusu notisi, wapo wanaoiandika mara tu ombi likiwasilishwa, na hawavunji sheria. Mimi ningependa angoje viza mpya iwe imetoka. Mwenye madeni na mtoto hana nafasi ya kubahatisha.

Mama yenu anasema kwa huruma ya mzazi, lakini ushauri wake ndio wa hatari kuliko yote, na si kosa lake, maana mambo yamebadilika juzi tu. Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza imeacha kupokea maombi mapya ya viza ya kutunza wazee kutoka nje ya nchi. Walioko ndani tayari wanaruhusiwa kuongeza muda au kubadilisha mwajiri hadi tarehe 22 Julai 2028. Zamani mtu angeweza kurudi Nairobi, akapumzika, akatafuta kampuni nyingine na kuomba tena. Sasa mdogo wako akirudi na viza ikakatwa, hakuna dirisha la kuombea viza hiyo kutoka hapa. Tena akishawasilisha ombi la kubadilisha mwajiri asisafiri nje ya Uingereza na Ireland mpaka ajibiwe. Akitoka, ombi linahesabiwa kwamba ameliondoa. Akiamua kurudi kwa sababu afya au moyo umekataa, arudi na mumpokee kwa mikono miwili. Ila arudi akijua anafunga nini, asije akagundua akiwa JKIA.

Kuhusu mtoto, ajenti amekudanganya. Walioomba viza hiyo tangu tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuwachukua watoto wala wenzi wao, na mdogo wako aliomba Mei. Mwajiri mpya habadilishi hilo, hata awe mwema namna gani. Najua inauma kusoma hivi. Lakini mtoto wa gredi ya pili anaweza kuelezwa kwamba mama yuko kazini mbali na hatakuja hivi karibuni, akaelewa kwa kadiri yake. Ahadi inayosogezwa kila Jumapili inamuumiza zaidi. Mumwambie nyote wawili, mama yake akiwa kwenye simu na kamera ikiwa imewashwa.

Nibaki kwa ajenti huyohuyo. Ada ambayo mwajiri huilipa serikali kwa cheti kimoja cha udhamini ilikuwa pauni 525 mwaka 2025, yaani chini ya shilingi laki moja. Ada hiyo ni ya mwajiri. Kwa vyeti vilivyotolewa tangu tarehe 31 Desemba 2024, mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi hata hiyo ada. Mfanyakazi hulipia ombi lake la viza: mwaka 2025 ilikuwa pauni 304 kwa viza ya kazi ya afya na utunzaji ya hadi miaka 3, na viza hiyo imesamehewa ile tozo ya huduma ya afya ambayo wageni wengine hulipa. Sasa wewe jumlisha, halafu uniambie laki saba zinakwenda wapi. Isitoshe, mtu anayefanya biashara ya kutoa ushauri wa uhamiaji akiwa Uingereza lazima awe mwanasheria au awe amesajiliwa na Immigration Advice Authority, shirika lililokuwa likiitwa OISC hadi mwanzoni mwa 2025, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi. Hapa kwetu pia, wakala wa ajira lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Muulizie huko. Meseji za M-Pesa na risiti za benki za malipo ya kwanza usizifute. Ukiamua kumshtaki kwa mamlaka hiyo au kwa DCI, hizo ndizo zitakazozungumza.

Na hata kama cheti anachouza ni cha kweli, cheti si kazi. Nadhani ndivyo mdogo wako alivyoingia mahali alipo: kampuni iliyokuwa na vyeti vingi kuliko wazee wa kuwahudumia. Hayuko peke yake. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilizifuta leseni zaidi ya 470 za udhamini katika sekta ya utunzaji, na wafanyakazi waliohusishwa na kampuni hizo walikuwa zaidi ya 39,000. Mwambie takwimu hiyo. Anayenyamaza hivyo huwa anadhani yeye ndiye mjinga wa mwisho duniani, na si kweli.

Wingi huo ndio uliofungua mlango ambao nadhani utamfaa. Tangu tarehe 9 Aprili 2025, mwajiri wa huduma za utunzaji aliye England (ile sehemu ya Uingereza iliko Birmingham) alitakiwa kwanza kujaribu kuwaajiri watunzaji waliomo nchini tayari ambao mdhamini wao amepoteza leseni au ameshindwa kuwapa kazi ya kutosha, kabla ya kuagiza watu kutoka nje. Kila eneo lina ushirikiano wa kimaeneo uliopewa fedha na serikali ili kuwaunganisha watunzaji hao na waajiri wapya. Birmingham na miji jirani iko chini ya eneo la West Midlands. Awaandikie mwenyewe, aeleze saa zilizoandikwa kwenye mkataba na saa anazopewa. Sambamba na hilo, orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure. Anayetaka kudhamini watunzaji huko England lazima pia awe amesajiliwa na Care Quality Commission, nayo ina tovuti inayoonyesha ripoti za ukaguzi. Azisome kabla ya kutuma maombi.

Kuna maswali ambayo asione haya kuyauliza kwenye usaili. Saa za uhakika kwa wiki ni ngapi, na je, zitaandikwa? Muda wa barabarani unalipwa? Gari ni la nani? Mmewadhamini wageni wangapi, na wote wana kazi? Mwajiri mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Kiwango cha chini cha mshahara kwa cheti kipya cha kazi hii kiliwekwa pauni 25,000 kwa mwaka na pauni 12.82 kwa saa tangu Aprili 2025. Ukigawanya, utaona ni kazi ya saa 37 na nusu hivi kila wiki. Anayesema atamdhamini lakini "saa zitategemea" anamrudisha palepale. Kwa maoni yangu, akipata nyumba ya wazee yenye zamu za kutwa, aichukue kabla ya kazi nyingine ya kuzunguka na gari. Zamu ya kutwa hulipwa kutwa.

Wakati anatafuta, anaruhusiwa kufanya kazi ya ziada ya hadi saa 20 kwa wiki kwa mwajiri mwingine, mradi iwe katika orodha ya kazi zinazoruhusiwa, iwe nje ya saa zake za kawaida, na awe bado anafanya kazi ya mdhamini wake. Hii ni kwa jina lake, kwa karatasi zake. Inaweza kumpa chakula na kukupa wewe angalau sehemu ya ule mkopo.

Zile zamu za usiku kwa jina la mama mwingine, hapana. Hapa sina la kupunguza. Ni kosa la jinai, na akigundulika njia yote niliyokueleza inazibika. Mwajiri anayekamatwa na mfanyakazi asiye na kibali anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kosa la kwanza, kwa hiyo siku ya ukaguzi hakuna atakayesimama naye. Mwenye jina akikataa kumpa sehemu yake ya pesa, atamshtaki wapi? Na kuna wale wazee. Mtunzaji huchunguzwa rekodi yake ya polisi kabla hajaachwa peke yake na mtu asiyeweza kujigeuza kitandani. Anayeingia kwa jina la mwingine amemnyima mzee huyo ulinzi wake. Huyo Mkenya mwenzake pengine anataka kusaidia kweli, lakini msaada huu utamzamisha.

Pauni 4,500 nazo. Vipengele vya kurudisha gharama vipo na si vyote haramu, ila havimpi mwajiri ruhusa ya kutaja bei yoyote inayomjia kichwani. Mdogo wako aombe kwa maandishi orodha ya gharama halisi, moja moja na risiti zake. Kuna tozo ya ujuzi ambayo mwajiri huilipia serikali kwa kila mgeni anayemdhamini. Hiyo haruhusiwi kabisa kumbebesha mfanyakazi. Kanuni za maadili za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, zinazotumika England, zinataka madai ya namna hii yawe wazi tangu mwanzo, yalingane na gharama zilizotumika, na yapungue kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi. Hata ikithibitika kwamba anadaiwa kitu, hilo ni deni kama madeni mengine ya kiraia. Halimfukuzi mtu nchini wala halizuii viza mpya.

Tena kabla ya kuzungumzia anachodaiwa, tuzungumzie anachodai yeye. Muda wa kusafiri kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine huhesabiwa kuwa muda wa kazi katika mshahara wa chini wa kisheria. Makato ya gari la kazini hayaruhusiwi kuushusha mshahara wake chini ya kiwango hicho. Na mdhamini anatakiwa kulipa mshahara alioutangaza kwenye cheti cha udhamini. Inawezekana kabisa kwamba kampuni ndiyo inayodaiwa. Shirika la Acas hutoa ushauri wa migogoro ya kazi bure, Citizens Advice pia bure, na chama cha wafanyakazi cha Unison kinawapokea watunzaji wageni. Ajiunge sasa, asingoje kufukuzwa. Muda wa kupeleka malalamiko kwenye mahakama ya kazi ya Uingereza huhesabiwa kwa miezi, si miaka, kwa hiyo asijiambie atashughulika na hilo akishatulia kwa mwajiri mpya.

Kazi yako wewe hapa Donholm iwe kutunza nakala. Mwambie akutumie mkataba, maelezo ya cheti cha udhamini, hati zote za mshahara, ratiba za zamu, taarifa za benki na ujumbe wa bosi, hasa ule wa kumtishia kama uliandikwa. Ziweke mahali pawili. Lakini asipige picha daftari za wagonjwa wala kitu chenye majina au dawa za wazee. Hiyo ni siri yao, na kampuni ikikuta picha hizo itapata sababu halali ya kumfukuza. Aandike katika daftari lake mwenyewe tarehe, saa alizoanza na kumaliza, na maili alizoendesha.

Kama pasipoti yake imeshikwa na mtu, au anazuiwa kutoka, au anatishwa yeye au ninyi wa huku, basi si suala la saa tena. Kuna simu ya bure ya msaada kwa wanaonyonywa kazini Uingereza, 08000 121 700. Muulize jambo hili waziwazi, kwa sababu mtu aliye na aibu hatalisema asipoulizwa.

(Kwa wasomaji walioko Ghuba, msichukue haya mkayapeleka huko. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kibali cha mwajiri wa zamani, na kilichobaki ni notisi ya mwezi mmoja au miwili kulingana na muda uliofanya kazi. Saudia ilirahisisha kuhama kuanzia Machi 2021, lakini mageuzi hayo hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio wengi wa dada zetu. Niandikieni na nchi mliko.)

Sasa mkopo. Uliuliza kama sauti inayosema avumilie ni yako au ya laki nane. Ulijibu ulipouliza. Saa 14 kwa wiki, zilizokatwa gari na chumba, hazitalipa mkopo huo mwaka huu wala ujao. Kuvumilia hakukuokoi wewe pia. Kuhama ndiko kunakoweza kulilipa deni, na kuhama kunataka mtu mwenye akili iliyotulia, asiyepigiwa simu kila tarehe ya mshahara. Nenda kwa afisa wa mikopo wa Sacco yenu kabla hujakwama, ueleze, uombe mkopo urefushwe muda ili makato ya mwezi yapungue. Sacco nyingi husikiliza mwanachama anayekuja mapema. Anayekuja wadhamini wameshaanza kukatwa husikilizwa kwa sikio lingine, na hao wadhamini unakaa nao ofisi moja.

Ili ufanye hivyo, lazima mume wako ajue ni laki nane. Makato yakibadilika ataona, na barua ya Sacco inaweza kufika akiwa nyumbani. Mwambie wewe, umkalishe, watoto wakiwa wamelala. Atakasirika, ana haki. Usijitetee kwa kumtaja mdogo wako wala mchango wa familia. Mwonyeshe karatasi ya mkopo, salio lililobaki, na unachotaka kuiomba Sacco. Anaweza kuwa na njia ambayo wewe hukuiona, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kuitafuta.

Mpigie mdogo wako atakapomaliza zamu, na usianze na pesa. Mwambie umeshapata jibu la viza na bosi hawezi kuifuta. Kisha muulize kitu kimoja: akaunti yake ya viza ya mtandaoni imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, na nywila iko kwa nani? Karatasi za ukaazi za Uingereza sasa zimehamia mtandaoni, na mawakala wengine hufungua akaunti hiyo kwa barua pepe yao na kuibakiza mikononi mwao. Barua ya wizara ya siku 60 ikienda huko, hataiona. Kama iko kwa ajenti, aombe usiku huohuo mabadiliko ya barua pepe na namba ya simu kupitia tovuti ya serikali, kwa pasipoti yake. Hayo yakikamilika, awaandikie wale wa ushirikiano wa West Midlands.